Aproni nyepesi ya vipande viwili: inafaa, ila nenda dukani na mzani

Je, aproni nyepesi ya kukinga mionzi inafaa kununuliwa? Jibu kwanza, maana najua kuna mtu anasoma hapa akiwa na oda mkononi na bosi anamsubiri. Ile aproni nyepesi ya kukinga mionzi, yenye sketi na kizibao, ambayo sasa inapatikana kwenye maduka ya vifaa tiba hapa Dar, ni nzuri. Nimeivaa thieta, nimeivaa chumba cha eksirei, nimewavalisha watu wa dawa ya usingizi, na kabla ya yote hayo nimeilaza mezani na kuipiga picha mbele na nyuma. Kwa anayesimama karibu na si-amu, ile mashine ya eksirei ya thieta yenye mkono wa umbo la herufi C, kutwa nzima, ningemwambia aichukue. Ila aproni mbili zilizotundikwa hanga moja, zenye lebo moja, zinaweza kuwa na tofauti kubwa ndani, na tofauti hiyo huwezi kuiona kwa macho ya dukani.

Mimi ni mteknolojia wa mionzi. Nimeanza kwa kupiga picha kama wenzangu wote, na sasa kwenye hospitali yetu hapa Ilala nasimamia ubora wa picha: naangalia picha ngapi zimerudiwa na kwa nini, naangalia kama mwanga wa kolimeta, kifaa kinachobana eneo la kupigwa mionzi, unalingana na mionzi yenyewe, naangalia namba ya kipimo cha mionzi kwenye kila picha ya dijitali isipande kimyakimya. Watu hushangaa nikisema aproni nazo zimo kwenye daftari langu la ubora. Zimo, tena ukurasa wa mbele. Muuguzi ambaye aproni inamkata mabega hawezi kukaa karibu na mtoto na kumtuliza mpaka picha ipigwe. Mama aliyepewa aproni ndefu inayoburuta anahangaika nayo badala ya kumshika mwanawe, mtoto anajigeuza, picha inatoka imetikisika, tunarudia. Kurudia maana yake mtoto amepata mionzi mara mbili kwa jibu moja, na mama yake vilevile. Mimi nikiona picha ya kifua cha mtoto imerudiwa, swali langu la kwanza si nani kapiga. Nauliza nani alimshika, na alikuwa amevaa nini.

Turudi dukani. Ni duka la Kariakoo, dogo, la ghorofani, na kijana wa mauzo alinipokea vizuri. "Karibu dada, hii ni nusu milimita kamili, mzigo mpya kabisa." Alikuwa ananionyesha kwanza aproni ya kawaida, ile ya mbele tu, ya risasi, yaani ile metali nzito. Nikamwambia, "Asante kaka, naomba mzani." Akadhani natania. Nikamweleza.

Risasi ina uzito wa gramu 11.35 kwa kila sentimita ya ujazo, na uzito huo haubadiliki kwa kuwa lebo ni nzuri. Karatasi ya risasi yenye unene wa milimita 0.5 na ukubwa wa mita moja ya mraba ina takriban kilo 5.7. Aproni ya mbele yenye upana wa sentimita 60 na urefu wa mita moja ni mita za mraba 0.6. Kwa hiyo risasi peke yake ndani yake iwe kama kilo 3.4, hapo hujahesabu raba iliyochanganywa nayo, kitambaa cha nje, mikanda na vifungo vyake. Ikiwa imeandikwa 0.25, gawa kwa mbili: risasi kilo 1.7 hivi. Sasa mtu akikuletea aproni ya risasi ya ukubwa huo, imeandikwa 0.5, halafu mzani unasoma kilo mbili na nusu nzima nzima na mikanda yake, hakuna haja ya kubishana. Hiyo haiwezi kuwa 0.5.

Kijana akaleta mzani wa kupimia vifurushi. Tukapima kwa futi ya sentimita, upana, urefu, tukatoa kipande cha shingo na makwapa. Ya kwanza ilikaa sawa. Ya pili, lebo ileile, ilipungua kiasi ambacho hata yeye aliduwaa. Hakukasirika, na hapo nampa sifa yake. Aliitoa kwenye hanga akaiweka chini ya kaunta, akasema atamuuliza aliyemletea. Kama wewe ndiye mnunuzi wa hospitali, fanya hivyohivyo. Ni dakika chache tu na hakuhitaji cheti chochote.

Hesabu hii ina mpaka wake, na lazima niuseme. Aproni nyepesi hazina risasi, au zina risasi kidogo iliyochanganywa na metali nyingine: bati, antimoni, bismathi, tangsteni. Metali hizi huzuia baadhi ya nguvu za mionzi vizuri kuliko risasi kwa uzito uleule, ndiyo maana aproni inaweza kupungua uzito kwa kama sehemu moja ya tano au moja ya nne na bado ikafanya kazi. Kwa hiyo mzani hauwezi kukupa hukumu kamili kwa aina hizi. Lakini muuzaji akikwambia inafanya kazi ya 0.5, yaani inazuia kama risasi ya milimita 0.5, kwa nusu ya uzito wa risasi, ondoka.

Na hapa ndipo lebo inapotakiwa kusomwa kwa makini. Risasi na bati havizuii mionzi kwa namna moja katika kila kilovolti, yaani kila kiwango cha nguvu unachoweka kwenye mashine. Aproni isiyo na risasi inaweza kulingana na 0.5 ukiwa kilovolti 80, halafu ikawa pungufu ukipanda zaidi ya 100. Lebo ya kuaminika inataja kilovolti ambazo kipimo hicho kimepimwa. Pia bati na antimoni zikipigwa na mionzi hutoa mionzi yao midogo, dhaifu, inayotoka upande wa ngozi ya mvaaji, na vipimo vya zamani vya maabara vilikuwa haviioni. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61331 cha mwaka 2014 kimeweka namna ya kupima inayohesabu na hiyo. Hii seti niliyoichukua ilikuwa na kilovolti kwenye lebo na namba ya kiwango hicho imeshonewa ndani ya kizibao. Nyingine mbili pale dukani zilikuwa zimeandikwa "0.5" na picha ya alama ya mionzi, basi. Hizo sikuzigusa.

Tulikubaliana na kijana tuandikiane: naichukua, naipima kwenye mashine, nalipa baada ya hapo. Si kila duka litakubali, lakini uliza. Duka linalojua bidhaa yake halitaogopa.

Kipimo chenyewe nakieleza taratibu maana ndicho kitu nilichotaka kuandika tangu mwanzo.

Unaanza na mikono. Unaitandaza aproni juu ya meza, unapitisha viganja vyote viwili kutoka mabegani kwenda chini, polepole, ukikandamiza kidogo. Unatafuta uvimbe, mkunjo, au mahali ambapo raba imeshuka ikajikusanya. Kwenye aproni zilizozeeka mara nyingi hujikusanya juu ya mkanda na kwenye pindo la chini. Halafu unaangalia mishono. Kiini kinachokinga hakitakiwi kupitiwa na sindano isipokuwa kingoni.

Kisha mashine. Ukitumia si-amu, usiiache ijiongoze yenyewe. Mashine ikikutana na kitu kinachozuia mionzi inadhani mgonjwa ni mnene, inapandisha nguvu mpaka mwisho, na unaumiza tyubu inayotoa mionzi huku ukijimwagia mionzi bila sababu. Weka kwa mkono, kilovolti za chini, vaa aproni nyingine, simama mbali. Kama huna si-amu, laza aproni juu ya paneli ya dijitali inayopokea picha na upige vipande vipande, kilovolti 70 hivi, ukiweka herufi ya risasi kila kona ili ujue baadaye kipande kipi ni kipi. Risasi inatoka nyeupe, tundu linatoka jeusi.

Kizibao kilitoka safi, cheupe cha rangi moja toka kwapa hadi pindo. Sketi ya kwanza ndiyo iliyonifanya nikae kwenye kiti na kuikuza picha. Chini kidogo ya mkanda, upande wa kulia, kulikuwa na mstari wa nukta nyeusi, zimepangana kwa umbali sawa, kisha mstari unakata kona na kushuka, kisha unakata tena. Umbo la mfuko. Kuna mtu kiwandani au karakana fulani alishona mfuko wa kalamu juu ya sketi na sindano ikapita mpaka kwenye kiini. Kila tundu ni dogo mno, lakini yako mengi, na yako mbele ya nyonga ya mwanamke. Nikaipiga picha skrini, nikamtumia kijana kwa WhatsApp. Akajibu, "Dada, nakuletea nyingine kesho asubuhi," na boda alifika kweli asubuhi na sketi isiyo na mfuko. Nikaipima, ikatoka safi, nikalipa, nikapewa risiti ya EFD.

Siku hiyohiyo nikapitisha na aproni zetu za zamani chini ya mashine kwa kulinganisha. Mojawapo ilikuwa na ufa mrefu wa mshazari tumboni, mahali hasa ambapo watu huikunja wakiiweka juu ya kiti. Kwa nje kitambaa kilikuwa kizima, hata rangi haijapauka. Hiyo nimeiondoa kazini na kuikata mikanda ili asije mtu akaivaa usiku wa zamu. Na ombi kwa wenzangu: aproni ya risasi iliyokufa isiende dampo la Pugu na takataka nyingine, wala asipewe mtu wa vyuma chakavu. Risasi ikiyeyushwa uani, moshi na vumbi lake ni sumu, na watoto ndio huathirika zaidi.

Sasa kuivaa. Seti nzima ina kilo nne na robo, lakini uzito wa sketi unabebwa na mkanda kwenye nyonga, kwa hiyo mabega yanabaki na kizibao tu. Tofauti unaisikia saa ya tatu ya upasuaji wa mfupa, wakati zamani ungekuwa unabadilisha mguu wa kusimamia. Bitana ya ndani haishiki jasho sana. Hili kwa Dar si jambo dogo. Umeme ukikatika na jenereta likashika, AC ya thieta huchelewa kurudi, na ndani ya raba mtu analoa mpaka chini. Inazunguka mwili mzima, kwa hiyo mtu wa usingizi anayegeuka kuchukua dawa kwenye meza ya nyuma hageuzi mgongo mtupu kwa mgonjwa. Na mgonjwa ndiye chanzo: mionzi mingi inayotufikia sisi tunaosimama kando hutawanyika kutoka mwilini mwake.

Lakini saizi, jamani. Hapa ndipo malalamiko yangu makubwa yalipo. Kizibao hiki kina 0.25 kila upande, na kinafika 0.5 mbele kwa sababu pande mbili zinalaliana. Zikilaliana. Daktari wetu mmoja wa mifupa, mtu mwenye mwili, alifunga velkro kwa shida na pande zikagusana kingo tu. Yeye anaamini amevaa 0.5, kumbe mbele yake yote ni 0.25. Kwa upande mwingine, duka lilikuwa na saizi kubwa na za kati tu. Kwa dada mwembamba, tundu la mkono la kizibao cha saizi kubwa linaachia pembeni hadi sehemu ya juu ya ziwa, upande wa nje, na hiyo ndiyo sehemu inayoangalia meza wakati amesimama ubavu. Wengi wa wauguzi wetu wa thieta ni wanawake wa umbo hilo. Nikamwambia kijana hivyo, na akakubali kuagiza saizi ndogo. Tafadhali, anayenunua kwa niaba ya wengine asinunue saizi moja kwa wote kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Waite, wajaribu, wainue mikono, wainame.

Kola ya kukinga thairoidi, tezi ya shingoni, imo kwenye seti. Ni laini, inafungwa na sumaku, wala haikabi. Kwa hiyo sina neno.

Usafi: kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni laini, basi. Wahudumu wetu walizoea kupitisha jiki kila mahali, na jiki inakausha vinaili mpaka inapasuka. Nimeandika karatasi na kuibandika juu ya hanga. Hanga yenyewe iwe nene, ya bomba, maana hanga nyembamba ya nguo inaikata aproni mabegani. Tulimpa fundi wa kuchomelea wa Buguruni vipimo, akatengeneza stendi ya mabomba yenye mikono minane, na tangu hapo sijaona aproni juu ya kiti. Kila aproni sasa ina namba, na kila namba ina picha yake kwenye kompyuta, ili mwakani nikiipiga tena niweke mpya na ya zamani kando kwa kando.

Kuna wanaoniuliza kama hizi nyepesi zinafaa kumfunika mgonjwa. Naomba tulizungumze, kwa sababu tumefundishwa tofauti. Kumfunika mgonjwa sehemu za uzazi kila anapopigwa picha kulikuwa desturi ya miaka mingi. Mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani, AAPM, kilishauri desturi hiyo iachwe kama jambo la kawaida, na sababu zake ni za kiufundi kabisa. Mionzi inayofika kwenye viungo hivyo kwa mashine za sasa ni midogo, kifuniko kinaweza kuziba kile tunachotafuta, na kikiingia juu ya kihisio cha mashine inayojipimia yenyewe, mashine inaongeza mionzi badala ya kupunguza. Mimi nimeziona picha za nyonga zilizorudiwa kwa sababu kifuniko kilihama. Kolimeta iliyofungwa vizuri inamkinga mgonjwa kuliko aproni iliyorushwa juu yake. Mgonjwa akiogopa na akataka afunikwe, mwelezeni kwa upole na msimdharau. Hofu yake ni ya kweli. Aproni ni ya kwetu, na ya ndugu anayemshika mtoto au mzee.

Na hata kwetu aproni haichukui nafasi ya umbali. Ukitoka mita moja kutoka kwa mgonjwa ukaenda mita mbili, mionzi inayokufikia inabaki kama robo. Hilo halihitaji bajeti.

Beji za kupimia mionzi zivaliwe pia. Nimeona vijana wakinunua aproni nzuri kisha beji inabaki kwenye droo kwa sababu "nimeshajikinga". Beji ndiyo inayotuambia kama aproni inafanya kazi. Kwa wanaokaa thieta napendelea mbili, moja chini ya aproni na moja nje kwenye kola. Kikomo cha mfanyakazi, kwa milisivati, yaani kipimo cha mionzi inayopokelewa na mwili, ni wastani wa 20 kwa mwaka ukipigiwa kwa miaka 5, na usizidi 50 katika mwaka wowote mmoja. Kwa dada aliyepata ujauzito akatoa taarifa, kazi ipangwe ili mtoto aliye tumboni asipate zaidi ya milisivati 1 kwa muda uliobaki. Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, ndiyo inayosimamia mambo ya mionzi nchini, na wakaguzi wake wakifika, daftari la aproni lenye namba na picha ni kitu unachoweza kuwafungulia mara moja.

Bei. Seti na kola yake nilitoa milioni moja na laki mbili. Aproni ya kawaida ya mbele, ya risasi, iliyopita mzani, ilikuwa chini ya laki tano. Ni pengo kubwa kwa kituo kidogo, na simlaumu anayechagua ya kawaida. Kama una chumba kimoja cha eksirei, unapiga vifua na mikono, na mpigaji anasimama nyuma ya ukuta wake wa risasi, aproni mbili za mbele zinakutosha: moja ya mtu mzima mfupi, moja ya mrefu, kwa ajili ya wale wanaoshika watoto. Pesa iliyobaki nunua hanga na kola. Kama una si-amu na madaktari wa mifupa, nunua seti nyepesi, angalau kwa wale wasioweza kusogea: mpasuaji, msaidizi wake na mtu wa usingizi.

Kuhusu duka: huduma nzuri, kijana msikivu, mzani sasa wanao kaunta na wenyewe wanauliza kama unataka kupima. Lililobaki ni saizi ndogo. Ameniahidi zinakuja na mzigo ujao. Zikija nitachukua mbili za wauguzi wa thieta, na kabla ya kulipa nitazipitisha mezani kama hizi za mwanzo.